Kosa la Kumi

Uvumi ulinikuta nikianika kahawa. Jirani yangu Adelgunda alikuwa akitoka mtoni na mtungi kichwani. Alisimama kando ya jamvi langu bila kuutua, akasema, "Ma Auleria, pole na mambo ya mtoto."

"Mambo gani?"

"Hayo ya barua. Huko Rugu wanasema Koku wako amemwandikia yule kijana wa chuo, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba amemkosea. Ameungama kwa kalamu."

"Amemkosea nini?"

"Mwenzangu, msichana anayengoja posa akimkosea mwanamume, kuna makosa mangapi?"

Akaenda zake na mtungi wake. Mimi nilibaki nikichagua punje mbovu na kuzitupa, lakini lile neno sikuweza kulitupa. Nikienda jikoni lilinifuata, nikipiga magoti kusali lilipiga magoti nami. Amemkosea. Binti yangu Kokugonza sikumlea hivyo, na barua zile karibu zote ziliandikwa kwenye meza yangu, mimi nikiwa pembeni nachambua maharage.

Nayaandika haya kwa sababu mdogo wake, Felicitas, mwezi ujao anakwenda chuo cha ualimu, na mabinti wengine wa Karagwe watamfuata. Mengine niliyaona kwa macho. Mengine alinisimulia Koku. Mengine alinisimulia yule kijana mwenyewe, Cassian, akiwa amekaa kwenye kigoda changu, uso chini.

Walikutana gulioni Kituntu mwezi wa Desemba mwaka 1953, majira ya senene, wale panzi wa kuliwa. Siku hiyo hapakuwa na pa kuweka mguu. Wanawake walikuwa na vikapu vya senene waliokaangwa, wanaume walikuwa na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli, na lori la Bukoba lilikuwa limeegeshwa mbele ya ghala la kahawa, likinuka mafuta na magunia. Koku alikuwa na gauni la njano lenye vifungo vyeupe, alilolishona mwenyewe, na kitambaa cheupe kichwani. Mbele yake alitandika foronya alizozitarizi kwa uzi mwekundu na kijani. Maua pembeni, maneno katikati.

Kijana mmoja akasimama. Shati jeupe, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa Cassian, mtoto wa Yustus, karani wa ghala la kahawa la ushirika, watu waliotoka Muleba. Alikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu ng'ambo ya ziwa.

"Dada, hii inauzwa?"

"Kama haiuzwi, nimeileta ikaone watu?"

Akaiinua foronya, akasoma polepole. "Rara salama." Akatabasamu. "Nani anayerara hapa?"

"Mwenye usingizi."

"Na anayetaka kulala?"

"Atafute foronya za kwao. Kwenu wapi?"

"Muleba."

"Mama yako anapaita hivyo? Au anasema Mureba, kama sisi?"

Cassian akacheka mpaka mwenye senene wa jirani akageuka kutazama. Maana ni kweli, mama yake alisema Mureba, na yeye mwenyewe alisema hivyo mpaka alipochapwa fimbo shuleni. Sisi watu wa huku, kwa lugha tuliyonyonya, L na R ni watoto pacha. Ukimwita mmoja anaitika mwingine.

"Nimeshindwa," akasema. "Nishonee moja yangu. Lakini uandike vile vile. Rara, kwa R. Ukiiandika sawasawa siichukui."

"Mwalimu mzima unataka kosa?"

"Nataka lako."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na mimi mama yake sikujua kwa wiki tatu nzima.

Walikuwa wakikutana kwenye ngazi za nyuma ya ghala, siku za gulio, saa za mchana, karibu na mizani kubwa ya kahawa, watu wakipita na magunia. Hapakuwa na siri pale, wala aibu. Koku alipaita "mahari petu".

"Mahari?" Cassian alimtania mara ya kwanza. "Hata mwezi haujaisha, umeshaanza kudai mahari?"

"Mahari ni ya baba yangu. Mimi nimesema petu. Umewahi kusikia mahari ikawa petu?"

"Sijawahi."

"Basi umeelewa ninapopasema. Usijifanye mgeni."

Cassian alipenda kumfundisha. Alimweleza kwamba mwalimu wao wa lugha, Mwalimu Egbert, alikuwa mkali wa vitenzi kuliko wa kitu kingine chochote. Ukiandika "alienda" huku mtu alikimbia, anakata. Ukiandika "alisema" huku mtu alinong'ona, anakata.

"Na anachukia sentensi zinazoficha mtu," Cassian akasema. "Kama, kikombe kimevunjwa. Kimevunjwa na nani? Anasema sentensi isiyo na mtenda ni nyumba isiyo na mwenyewe, mwizi anaingia anavyotaka."

"Huyo mwalimu ana maneno."

"Ana maneno, lakini hana foronya."

"Yako haijaisha, usiharakishe. Na wewe, Cassian, siku moja utanichapa kwa sababu ya R zangu?"

"Nikikucheka kwa R zako, ulimi wangu ukauke. Hizo ni zangu. Sitazitoa kwa mtu."

Koku aliniambia ahadi hiyo baadaye, na aliisema neno kwa neno, kama mtu anayesoma kitu kilichochongwa.

Siku ya kurudi chuoni, mwanzoni mwa Januari, lori lilitakiwa kuondoka saa tatu asubuhi. Koku alimaliza kutarizi alfajiri, akaikunja foronya, akashuka mbio kutoka kwetu Nyabiyonza kwa njia ya mkato. Lakini dereva alikuwa ameshapakia mapema, akaondoka saa mbili. Koku alipofika kwenye mizani aliliona lori likipanda kilima, vumbi nyuma yake, na Cassian amekaa juu ya magunia. Alikimbia. Akaitikisa foronya hewani. Cassian alimwona. Alivua kofia, akaipunga, mpaka lori likapinda.

Tafadhali msomaji, uyashike hayo. Alimwona.

Jioni yake Koku akaketi kuandika. Alikuwa amesoma madarasa manne kama mimi, lakini mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Aliandika, "Nilikuja mahari petu na foronya yako, nimekukosa." Akanisomea.

"Ongeza unisamehe," nikamwambia.

"Anisamehe nini mama, lori ndilo lililoondoka mapema."

"Ni adabu. Mtu amesafiri hukumuaga. Ongeza."

Akaongeza. "Nimekukosa. Unisamehe." Mpaka leo mkono wangu unauma nikikumbuka kwamba neno lile lilitoka kinywani kwangu.

Zikaja barua, zikaenda barua. Cassian alimwita ua la Nyabiyonza, alimwita mwalimu wake wa R. Koku alimwandikia habari za nyumbani: ng'ombe yetu imezaa, maji inapungua mtoni, nataka nikujulisha baba amekubali. Maana Kahigi, mume wangu, alikuwa amekubali. Na Yustus, baba yake Cassian, alisema yeye na ndugu zake wangeleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya posa Jumamosi ya kwanza ya Julai, hata kama kijana mwenyewe yuko chuoni, kwani posa ni ya wazee.

Sasa nitasema lililofanyika chuoni, kama Cassian alivyonieleza.

Mwezi wa Aprili Mwalimu Egbert aliwapa insha ya uchambuzi, nayo ndiyo ingehesabiwa katika mtihani wa mwisho. Kila mwanafunzi achambue makosa kumi ya Kiswahili yanayofanywa na watu wa kwao, aonyeshe chanzo cha kila kosa, na atoe mfano ulioandikwa kweli na mtu, si wa kubuni. Jumapili alasiri wenzake wakicheza mpira, Cassian alifungua sanduku lake, akatoa barua za Koku zilizofungwa kwa uzi mwekundu.

Makosa tisa yalimjia bila shida. Mahari badala ya mahali. Ninarara. Ng'ombe yetu imezaa, badala ya ng'ombe wetu amezaa. Maji inapungua, badala ya yanapungua. Nikujulisha, badala ya nikujulishe. Na mengine ya namna hiyo. Akayapanga, akayaeleza vizuri. Kisha akakwama. Alizipekua barua zote mara mbili, hakupata la kumi.

Akaiona ile sentensi. "Nilikuja mahari petu na foronya yako, nimekukosa. Unisamehe."

Aliniambia, "Ma Auleria, nilipoisoma niliona vumbi na ile foronya inapepea. Nilijua maana yake. Kitenzi kilikuwa sahihi kabisa. Alikuja, hakunikuta, amenikosa. Hakuna namna bora ya kusema."

Lakini alihitaji kumi. Akaandika hivi, na nimeinakili herufi kwa herufi:

"Kosa la kumi. Nimekukosa. Mwandishi hajui kauli ya kutendea. Alikusudia nimekukosea, yaani amemtendea ubaya anayeandikiwa, ndiyo maana katika sentensi inayofuata anaomba msamaha. Herufi moja tu, lakini bila hiyo msomaji hatambui kwamba anasoma ungamo."

Mwalimu Egbert aliipenda insha. Aliisifu ile ya kumi kuliko zote, akasema hapo ndipo mwanafunzi ameonyesha jicho. Akamwambia Cassian aisome mbele ya darasa, na darasa zima linakili kwenye madaftari kama mfano. Cassian hakuweka jina la Koku. Aliandika "msichana K. wa Nyabiyonza". Miongoni mwa walionakili alikuwa Gosbert, kijana wa Rugu.

Likizo ya Juni Cassian alibaki chuoni kwa mazoezi ya kufundisha. Gosbert alirudi nyumbani na daftari lake.

Jumamosi ya kwanza ya Julai tulitandaza nyasi mpya sakafuni, laini, za kunukia, kama inavyotakiwa wageni wa heshima wakija. Kahigi alivaa kanzu na koti. Koku alivaa gauni jipya la rangi ya maziwa, amesuka nywele, na alikaa chumba cha ndani kama desturi, asionekane mpaka aitwe. Nilichemsha kahawa ya kutafuna, nikaiweka kwenye kikasha cha majani ya mgomba. Tukangoja. Jua likapanda, likakaa, likaanza kushuka. Saa kumi akaja katekista wetu na karatasi iliyokunjwa. Kahigi hakuona vizuri bila miwani, akanipa nisome.

"Imeonekana si vema posa kuletwa kwa sasa. Yustus."

Koku alitoka chumba cha ndani bila kuitwa.

"Imeonekana na nani?" akauliza.

Katekista alitazama nyasi. Siku tatu baadaye nyasi zilikuwa zimekauka na zinachoma miguu, nami nilikuwa naanika kahawa, ndipo Adelgunda alipopita na mtungi wake.

Sikumficha Koku. Nilimwambia lile neno kama nilivyolisikia. Akasema, "Mimi sikuandika hivyo. Twende Rugu."

Tukaenda kwa miguu, mimi na yeye. Gosbert alitupokea vizuri, shikamoo mama, karibuni mketi. Koku alibaki wima.

"Kaka, naambiwa una barua yangu."

"Barua yako, dada? Mimi nina insha tu. Ya Cassian. Hata sikujua ni wewe, imeandikwa K. wa Nyabiyonza."

"Nyabiyonza ina akina K. wangapi?"

"Wengi. Kokugonza, Kokushubira, nusu ya kanisa."

"Basi watu wamenijuaje?"

Gosbert alikuna kichwa. "Foronya, dada. Ile sentensi ina foronya. Nilimsomea mama yangu nikicheka, naye akasema, huyu si yule wa gulio la Kituntu?"

"Lete."

Alisoma daftari lile akiwa amesimama mlangoni, kidole kikishuka kwenye mstari. Moja, mbili, tatu. Nilimwona akitabasamu kidogo kwenye "ng'ombe yetu imezaa", maana alikumbuka siku ile ndama alipozaliwa. Alipofika kumi kidole kilisimama. Alisoma mara ya pili. Akafunga daftari, akamrudishia Gosbert kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Asante, kaka. Mahari ni kosa langu kweli. Ninarara ni kosa langu. Yale tisa nayachukua," akasema. "La kumi si langu."

Njiani hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama, kama angekuwa hajui, ningemsamehe leo leo. Lakini alivua kofia."

Alimwandikia barua ya mstari mmoja: nimeisoma insha yako. Jibu likaja baada ya wiki mbili, na hili hapa.

"Mpenzi Koku, imesikitisha sana. Insha iliandikwa kwa nia njema. Kwa bahati mbaya ilisomwa na wasiohusika, maneno yakaeleweka vibaya na jina lako likaguswa. Kosa limefanyika. Yafaa lisahauliwe. Wako, Cassian."

Nyumbani hatukuwa na wino mwekundu. Koku akachukua sindano na uzi mwekundu, ule wa kutarizi, akaitandaza barua juu ya goti, akashona mstari chini ya kila kitenzi. Imesikitisha. Iliandikwa. Ilisomwa. Yakaeleweka. Likaguswa. Limefanyika. Yafaa. Lisahauliwe. Kisha chini akaandika kwa kalamu:

"Ndugu Cassian. Ulinifundisha kwamba sentensi isiyo na mtenda ni nyumba isiyo na mwenyewe. Nimebisha hodi barua nzima. Hakuna mtu nyumbani."

Akairudisha kwa posta ile ile.

Mwezi wa Agosti, alipomaliza mazoezi, Cassian akaja mwenyewe. Alikuja kwa miguu kutoka Kituntu, viatu vimejaa udongo mwekundu, soksi zimeshuka, na kalamu hazikuwa mfukoni. Alisimama uani.

"Shikamoo, Ma Auleria."

"Marahaba."

Nilimpa kigoda. Kahawa ya kutafuna sikumpa, naye aliona, maana huku mgeni asiyepewa kahawa anajua alivyopokelewa. Hapo ndipo aliponisimulia yote. Koku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga, anasikiliza. Cassian alipomaliza, akamgeukia.

"Koku, naomba radhi. Mambo haya yametokea..."

"Yametokea?" Koku akamkatiza. "Kama mvua?"

Cassian akaanza upya.

"Nilichukua barua zako. Nilizinakili. Nilizisoma mbele ya watu."

"Endelea."

"Waliponisifu, nilifurahi."

"Uliniona siku ile?"

"Nilikuona. Ulikuwa unakimbia, foronya mkononi."

"Na ulipoandika la kumi ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa na tisa, nikahitaji la kumi. Nikalitengeneza."

"Si ungeandika kosa lako mwenyewe? Au hata huko chuoni hukosi?"

"Nimekosa, Koku."

"Umekosa, au umenikosea?"

Cassian alimtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu afike. "Nimekukosea."

"Hapo sasa," Koku akasema, "ndipo kitenzi hicho kinapokaa. Kipeleke na kwa baba yako. Kipeleke na gulioni, kwa sababu gulioni ndiko wanakonicheka. Na umwandikie mwalimu wako."

"Nikifanya hivyo, utanirudia?"

"Fanya kwanza. Usinunue ng'ombe ukiwa bado hujamlipa wa jana."

Sitamnyima haki yake. Alifanya. Gulio lililofuata, mbele ya mizani, wakulima wakiwa kwenye foleni na magunia yao, alipanda kwenye ngazi ile ile, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti. "Mimi Cassian, mwana wa Yustus, niliandika uongo juu ya Kokugonza binti Kahigi. Yeye aliandika nimekukosa, kwa sababu alikuja kuniaga, hakunikuta. Mimi nikaandika kwamba amenikosea. Nilijua si kweli." Mzee mmoja kwenye foleni akauliza, "Sasa tofauti iko wapi?" Yule mwanamke aliyekuwa na senene siku ile ya Desemba akamjibu, "Wewe ukimkosa mkeo nyumbani na ukimkosea mkeo nyumbani, ni hasira ile ile?" Watu wakacheka, wakaelewa. Adelgunda alikuwepo. Wiki hiyo aliniletea mkungu wa ndizi, hakusema wa nini.

Yustus alitoka ofisini mwake akiwa na kalamu sikioni, akasikia yote. Jumamosi ile akaja kwetu na ndugu zake wawili, kijana wake, na mtungi mkubwa wa rubisi uliozibwa kwa majani ya mgomba. Tulitandaza nyasi upya. Kahigi alivaa tena kanzu na koti. Nilichemsha tena kahawa, na safari hii niligawa.

"Waitu," Yustus alianza, akitumia neno letu la heshima kwa mume wangu, "ile karatasi yangu ilisema imeonekana. Haikuonekana. Ni mimi niliyeona vibaya. Nimekuja kuomba yaishe, na nimekuja kuomba binti."

"Binti ana kinywa chake," Kahigi akasema. Jambo hilo si desturi, na ndugu zake Yustus walitazamana. "Aitwe."

Koku akatoka na gauni la njano lenye vifungo vyeupe, lile la gulioni. Alipiga goti, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja. Mkononi alikuwa na foronya iliyokunjwa. Akamkabidhi Cassian.

"Nilikuahidi hii. Samahani imechelewa."

Cassian aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu, machozi karibu.

"Nimekusamehe," Koku akasema.

Yustus akashusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye mtungi. "Basi, jamani, tuendelee na lililotuleta."

"Baba, shikamoo tena," Koku akamwambia taratibu. "Nimesema nimemsamehe. Sikusema nimemkubali."

Nilisikia kuku uani. Cassian alikuwa ameshaifungua foronya juu ya magoti yake, anaitazama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha kwenye nyasi. Maua yalikuwa pembeni, uzi mwekundu na kijani, kazi safi sana. Katikati palikuwa pameandikwa Lala salama.

Kwa L. Zote mbili.

"Koku," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya R iko wapi?"

"Niliifumua," Koku akajibu. "Ilikuwa na makosa."

Akawapigia goti wageni, akaingia ndani.

Rubisi ilinyweka, maana Kahigi alisema mgeni hafukuzwi na kiu yake. Lakini ilinywewa kama rubisi ya ujirani. Jioni wakaondoka, Cassian mwisho wa msafara, foronya ndani ya shati. Sasa anafundisha upande wa Kyerwa. Nasikia wanafunzi wake wakichekana kwa L na R huwa anatoka nje ya darasa, anasimama kidogo, ndipo anarudi. Mwalimu Egbert alimwandikia Koku barua ya kuomba radhi, ya ukurasa mmoja, kila kitenzi kina mwenyewe. Koku ameitunza. Hajaolewa. Anatarizi, na gulioni anakwenda, lakini anakaa upande wa pili, mbali na mizani. Nami kila nikimwangalia nauliza moyoni kama lile "unisamehe" langu lisingekuwepo, yule kijana angepata pa kushika?

Felicitas mwanangu, unakwenda chuo. Utaandika insha, utasifiwa. Jiepushe na haya:

Kuandika mahari ukitaka mahali, na kurara ukitaka kulala. Soma kwa sauti kabla ya kutoa kazi.

Kumcheka anayeandika hivyo.

Ng'ombe imezaa. Sema ng'ombe amezaa. Maji inapungua. Sema maji yanapungua.

Nataka nikujulisha. Sema nataka nikujulishe.

Kuchanganya kukosa na kukosea.

Kuandika kosa limefanyika, imeonekana, imesikitisha. Mtaje aliyefanya, hata akiwa ni wewe.

Kuweka neno la msamaha kwa adabu tu, pasipo na kosa. Hilo nilimfundisha dada yako. Wewe usilifuate.

Kuazima maneno ya mtu aliyekuandikia wewe peke yako.

Kutafuta la kumi. Ukipata tisa, andika tisa.